Kampuni mbili, mkongo mmoja: dhana potofu kuhusu njia ya intaneti

Kazi yangu ni kuunganisha ofisi, hoteli na shule za Dar es Salaam na intaneti, na kuna kauli moja ambayo wateja hunipa kwa kujiamini kabisa: "Sisi tumeshajikinga, tunalipia kampuni mbili." Katika dhana zote potofu ninazokutana nazo, hii ndiyo yenye hasara kubwa zaidi, kwa sababu anayeiamini amekwisha kutoa fedha na kusaini mikataba miwili, na hivyo haoni haja ya kuuliza swali lingine lolote.

Kampuni mbili si njia mbili. Kampuni inayokuuzia intaneti mara nyingi haimiliki mkongo wa baharini, yaani kebo ya nyuzi za kioo iliyolazwa chini ya bahari kubeba data kati ya nchi na nchi, bali hununua nafasi kwenye mkongo wa wengine, na mshindani wake anaweza kuwa amenunua nafasi kwenye mkongo uleule. Bili zitakuja mbili kila mwezi, lakini barua pepe zako zitapita mahali pamoja.

Anayedhani kwamba haya ni maneno ya kitaalamu tu, na akumbuke Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Mikongo miwili ambayo Tanzania ilikuwa ikiitegemea zaidi, yaani Seacom ulioanza kazi mwaka 2009 na EASSy ulioanza mwaka 2010, ilikatika kwa wakati mmoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Kwenye karatasi hiyo ni mikongo miwili yenye wamiliki tofauti, lakini yote miwili huingia nchi kavu katika mji mmoja mdogo wa Mtunzini, hukohuko Afrika Kusini, na hupita katika maji yaleyale. Upande wa kaskazini nao ulikuwa umekwisha kudhoofika: mwezi Februari mwaka huohuo Seacom na mikongo mingine ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu, na inaaminika kwamba iliburuzwa na nanga ya meli Rubymar, iliyoshambuliwa na Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, na kuachwa ikielea bila mabaharia. Kwa hiyo yule aliyekuwa na mkataba mmoja unaopitia Seacom na mwingine unaopitia EASSy, ambaye kwa haki kabisa angejiona mwangalifu kuliko wenzake, alipoteza yote miwili siku moja. Meli ya ukarabati ilipaswa kusafiri kutoka Cape Town, kuutafuta mkongo chini ya maji, kuunyanyua hadi sitahani na kuunganisha nyuzi zake moja baada ya nyingine, kazi ambayo haiwezi kumalizika kwa saa chache hata mteja akipiga simu mara ngapi.

Na hayo ni ya baharini tu. Nchi kavu hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa ukifunua mfuniko wa zege kando ya barabara nyingi za mjini utakuta kebo za kampuni mbili au tatu, kila moja na kibandiko chake, zikiingia katika bomba moja kuelekea jengo moja. Mkandarasi wa maji akipitisha kijiko cha mtambo wake hapo, hachagui ya nani. Nimewaonyesha wateja kadhaa bomba hilo kwa macho yao, na hapo ndipo wengi huanza kunisikiliza.

Ninachomwomba kila mteja, na nitaendelea kuomba hata kama inawachosha maofisa mauzo, ni kupata majibu matatu kwa maandishi kabla ya kusaini: trafiki yangu, yaani data ninayotuma na kupokea, inatoka nchini kupitia mkongo gani, kwa jina; mkongo huo ukikatika, mmekwisha kununua nafasi kwenye mkongo gani mwingine, na kiasi gani; na kebo inafika kwenye jengo langu kupitia barabara ipi. Jibu la "tuna njia mbadala" si jibu. Kisha chomoa kwa makusudi laini yako kuu mchana wa siku ya kazi, uone kama ofisi inaendelea. Njia mbadala ambayo haijawahi kujaribiwa siihesabu kabisa.

Dhana nyingine hazihitaji maelezo marefu. Wapo wanaoamini kwamba intaneti yetu inatoka kwenye satelaiti. Ilikuwa hivyo kwa sehemu kubwa kabla ya mwaka 2009, na waliotumia mtandao wakati ule wanakumbuka jinsi mawimbi ya kwenda na kurudi umbali wa kilomita 36,000 angani yalivyochelewesha kila kitu. Leo sehemu kubwa kabisa ya mawasiliano ya kimataifa hupita chini ya bahari, ndani ya kebo ambayo kwenye kina kirefu haizidi unene wa mpira wa kumwagilia bustani.

Wengine huniambia kwamba Starlink, intaneti inayotumia satelaiti, imemaliza tatizo. Ni huduma nzuri, hasa vijijini na kwenye kambi za watalii, lakini satelaiti zake hushusha data kwenye vituo vya ardhini vinavyounganishwa na mikongo, na uwezo wake katika eneo moja una kikomo. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilisimamisha kwa miezi kadhaa kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa.

Wapo pia wanaoamini kwamba mikongo hukatwa na samaki aina ya papa. Papa hawali mikongo kwa kiwango cha kumkosesha mtu usingizi. Wakataji wakuu ni nyavu za uvuvi na nanga za meli.

Kuhusu imani kwamba kila intaneti inapozorota serikali imeizima, nataka nieleweke vizuri. Uzimaji upo: Uganda waliuona Januari 2021, na Tanzania tuliuona tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Naupinga bila kusita, kwa sababu unamnyima mgonjwa, mfanyabiashara na mwandishi wa habari kwa pamoja. Hata hivyo dalili zake ni tofauti. Amri ya kuzima huangusha huduma kwa ghafla nchi nzima, au hufunga programu fulani tu huku nyingine zikienda. Mkongo ukikatika, tovuti za nje hudorora huku zinazohifadhiwa nchini, zikifikiwa kupitia kituo cha kubadilishana trafiki cha hapa nyumbani, mahali ambapo kampuni za intaneti za nchini hupeana data bila kuipeleka nje, zikifunguka kama kawaida.

Hapo ndipo penye dhana ya mwisho, kwamba kuhifadhi mifumo ng'ambo ni salama zaidi siku zote. Shule ambayo matokeo ya wanafunzi wake yako kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia data, iliyoko Ulaya huwa inamtuma mwalimu aliyeko Temeke avuke bahari ili asome alama za mtoto aliyekaa mbele yake. Mwezi Mei 2024 shule ya namna hiyo ilikwama, ilhali iliyokuwa na seva yake Dar es Salaam iliendelea kufanya kazi. Mfumo ambao watumiaji wake wote wako nchini unapaswa kukaa nchini, na nakala yake ya akiba ndiyo ipelekwe nje.