Kalamu ya Wamarekani, penseli ya Warusi
Wengi husimulia kwamba Wamarekani walitumia mamilioni ya dola kubuni kalamu ya kuandikia angani, ilhali Warusi walibeba penseli tu. Kisa kitamu, lakini sivyo ilivyokuwa. Mwanzoni pande zote mbili zilitumia penseli. Shida ni kwamba ncha ikivunjika, vipande vya grafiti, ile sehemu nyeusi inayoandika, huelea chomboni, na grafiti hupitisha umeme. Vikiingia kwenye mitambo ni hatari. Mti wa penseli nao hushika moto. Kalamu yenyewe ilibuniwa na kampuni binafsi kwa fedha zake, na mwaka 1969 Wasovieti nao wakainunua: kalamu 100 na mirija 1,000 ya wino. Anayetaka kuhakiki aanze na swali la nani alilipa, kisha atafute kumbukumbu za manunuzi.