Je, wajua kwa nini kihisi cha mkononi na tone la damu havikubaliani?

Mtu mwenye kisukari amebandika kihisi, kifaa kidogo kinachopima sukari mfululizo na kutuma namba kwenye simu, nyuma ya mkono wake wa juu. Anatazama simu: sukari 6.1 mmol/L. Anajichoma kidole: glukomita, mashine ya kupima tone la damu, inasema 7.4. Kipi kinadanganya? Mara nyingi hakuna. Kila kimoja kimepima kitu chake.

Glukomita hupima damu. Kihisi hakiigusi damu. Kijiuzi chake, chembamba kama unywele, kimelala chini kidogo ya ngozi, katika majimaji yanayozunguka seli. Glukosi, yaani sukari hiyo, huingia kwenye damu kwanza, ndipo ipenye kuta za mishipa midogo kuyafikia majimaji hayo. Mpaka namba itokee kwenye simu, dakika 5 hadi 15 zinaweza kuwa zimepita. Sukari ikiwa imetulia, huwezi kuona tofauti kubwa. Ikiwa inapanda baada ya mlo au inaporomoka wakati wa mazoezi, kihisi kinakusimulia habari za dakika kadhaa zilizopita.

Kijiuzi chenyewe kwa kawaida kimepakwa kimeng'enya (kichocheo cha mmenyuko) kiitwacho glukosi oksidesi. Kimeng'enya hicho kikikutana na glukosi, mmenyuko wao huishia kuzaa umeme kidogo mno, na glukosi ikizidi umeme nao huzidi. Wazo hili lina umri: Leland Clark wa Marekani na mwenzake walilieleza mwaka 1962.

Zipo pia hitilafu ambazo hazitokani na kuchelewa. Ukiulalia mkono usiku, majimaji husukumwa pembeni, na kengele ya sukari kushuka inakuamsha bure. Parasetamoli nayo hupandisha namba kwenye baadhi ya vihisi. Wala glukomita si malaika: kiwango cha kimataifa cha ubora kinairuhusu kukosea hadi asilimia 15, na kidole chenye utomvu wa tunda kitakutia hofu isiyo na sababu.

Basi kihisi kina faida gani? Kikipima kila dakika 5, kwa siku unapata vipimo 288, na pamoja navyo mshale unaoonyesha sukari inaelekea wapi. Kwangu mimi mshale una thamani kuliko namba. Sukari ya 5.0 yenye mshale uliolala ni salama, 5.0 ileile yenye mshale unaotazama chini, na insulini ingali inafanya kazi mwilini, ni onyo.

Tatizo huja pale sukari inaposhuka kweli. Mtu anakunywa kitu kitamu, anasubiri, anatazama simu: bado iko chini. Anaongeza. Anaongeza tena. Kumbe damu ilishapanda zamani, ni majimaji tu ndiyo hayajapata habari, na saa moja baadaye sukari iko juu kupita kiasi. Hapo, na pia kila unapotetemeka na kutoka jasho huku simu ikisema uko sawa, choma kidole.