stunnel imewaka sawa, lakini inaongea na nani?

Nikiitwa kukagua seva za watu nakutana sana na hii, stunnel (programu inayoivalisha huduma nyingine tuneli iliyosimbwa) iko hewani, logi haina kelele, trafiki yote inapita ndani ya TLS, yaani usimbaji uleule wa https, na mwenye mali analala usingizi. Halafu nafungua konfigi ya upande wa klaienti nakuta laini tatu tu, client, accept na connect, basi. Sasa hiyo klaienti inajuaje kwamba iliyoko ng'ambo ni seva yako kweli?

Haijui. stunnel usipoiambia haikagui cheti cha mwenzake (kitambulisho chake cha kidijitali), data inasimbwa ndiyo, ila cheti chochote kikiletwa inakipokea, kwa hiyo mtu akijipenyeza katikati na cheti alichojitengenezea mwenyewe anasoma kila kitu na wewe huoni hata eror moja.

Tuchukue rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya mashine. Demoni yake, ile inayokaa nyuma ikingoja wageni, inasikiliza poti 873 na haisimbi chochote, ndo maana watu wanaivalisha stunnel. Debian na Ubuntu unapiga `apt install stunnel4` na konfigi zinakaa `/etc/stunnel/`. FreeBSD ni `pkg install stunnel`, konfigi iko `/usr/local/etc/stunnel/`, halafu `stunnel_enable="YES"` kwenye rc.conf. Upande wa seva:

```
[rsync]
accept = 8730
connect = 127.0.0.1:873
cert = /etc/stunnel/seva.pem
```

Hiyo seva.pem imebeba cheti pamoja na ufunguo wa siri, so chmod 600 bila mjadala. Klaienti sasa:

```
[rsync]
client = yes
accept = 127.0.0.1:8730
connect = seva.example.com:8730
verifyPeer = yes
CAfile = /etc/stunnel/cheti-cha-seva.pem
```

verifyPeer inakubali cheti kilichomo kwenye CAfile tu. Huku unapeleka cheti tu, ufunguo unabaki kwenye seva. Kama cheti umekitoa kwa CA (mamlaka inayosaini vyeti) inayojulikana tumia verifyChain, inayokagua saini ya CA, lakini usiiache peke yake, ongeza checkHost na jina la seva, la sivyo mtu yeyote mwenye cheti cha CA hiyohiyo anapita. Na ile 127.0.0.1 kwenye accept usiifute, ukiandika poti tupu basi kila aliye kwenye LAN yako anaitumia tuneli yako.

Kitu kingine ambacho watu hawakitegemei, ukishaweka stunnel mbele, rsync inaona wageni wote wanatoka 127.0.0.1, kwa hiyo `hosts allow` yako ya zamani, ile orodha ya IP zinazoruhusiwa, haiwezi kutofautisha wageni tena. Weka `auth users` na `secrets file` (majina na nywila), na pia `address = 127.0.0.1` kwenye rsyncd.conf ili poti 873 isibaki wazi kwa nje.

chroot, yaani kuifungia programu ndani ya folda moja, mimi siipendi hapa. Ukimtumia HUP (ishara ya kusoma konfigi upya) baada ya kubadilisha cheti, stunnel anatafuta konfigi na vyeti humohumo ndani ya chroot, ambamo mara nyingi havimo. Na kama ni UDP unataka kupitisha, tafuta WireGuard, ambayo ni VPN, stunnel ni TCP tu.

Ukimaliza, badilisha CAfile kwa makusudi uweke cheti kingine kabisa, restati stunnel ya klaienti, kisha piga `rsync rsync://127.0.0.1:8730/`. Inatakiwa ikatae. Ikikuletea orodha ya moduli kama kawaida, tuneli yako bado inampokea yeyote.