Kabla hujamwaga haluli, pima chumvi

Ujumbe umeingia tena, wa sauti, mtu mwenye tangi la matumbawe kasimama mbele ya kaunta ya duka la dawa: "Sheikh, magnesiamu imeshuka mpaka 1140. Ninunue haluli pakiti ngapi?" Hakuuliza kama kuna tatizo. Kauliza pakiti ngapi za haluli, yaani chumvi ya Epsom, salfeti ya magnesiamu.

Kila masika ni yale yale. Watu wameshaamini kwamba kipimo cha magnesiamu kikisoma chini, basi tangi limekosa magnesiamu, na dawa yake ni haluli. Mimi kazi yangu ni kushinda na ndoo na mpira kwenye matangi ya matumbawe ya watu, majumbani na kwenye hoteli mbili tatu, na nasema hivi: matangi yetu ya hapa Unguja, mara nyingi hayakukosa magnesiamu. Yamekosa chumvi.

Tuanze na bahari yenyewe. Maji yenye chumvi ya 35, yaani gramu 35 kwa kila kilo ya maji, yana magnesiamu kama miligramu 1290 kwa lita, kalsiamu 410 na ushei, na alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, digrii 7 hivi. Namba hizi hazipandi na kushuka kila moja kivyake. Mkemia Dittmar alizichambua sampuli 77 zilizokusanywa na meli ya utafiti ya Challenger kutoka bahari mbalimbali, akachapisha mwaka 1884, na ilionekana kwamba chumvi kubwa kubwa za baharini zinakaa kwa uwiano ule ule karibu kila mahali. Kinachobadilika ni maji matamu yaliyochanganyika nazo. Haya, shika kalamu: 1290 mara 31, gawa kwa 35. Unapata 1143. Ndiyo ile 1140 ya bwana wetu. Hakupungukiwa na magnesiamu hata kidogo. Maji yake yamezimuliwa, kama mchuzi uliotiwa maji baada ya wageni kuzidi.

Na aliyeyazimua ni yeye mwenyewe. Mwezi wa nne, mvua imenyesha usiku kucha, mtu anakwenda ufukweni asubuhi, anachota karibu na mtaro, maji yamekupwa, na anachota juu juu kwa sababu hataki kulowa. Maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi. Kwa hiyo anarudi nyumbani na ndoo za nusu mvua nusu bahari, na pengine na uchafu wa mtaro wa bure. Ukitaka maji ya maana wakati wa masika, subiri yajae, panda ngalawa, toka nje kidogo ya pwani, izamishe ndoo. Au vumilia siku chache.

Kaskazi ikiingia, mambo yanageuka. Januari joto limekaza, feni inapuliza juu ya tangi kutwa kulipoza, maji yanakauka na chumvi inabaki. Watu wale wale wananiletea 1420 wakitaka kujua namna ya kuishusha magnesiamu. Chumvi yako ipo 38 na nusu, ndugu yangu. Tia maji matamu yaliyochujwa mpaka madini yakatoka. Si ya kisima, na si ya mfereji: maji yetu yanapita kwenye jiwe la chokaa, yanakuja na kalsiamu yake na mengine usiyoyaomba.

Sasa tazama kinachotokea ukimwaga haluli bila kupima chumvi. Tangi la lita 200, kipimo 1140, unataka kupanda 150. Hizo ni gramu 30 za magnesiamu. Haluli ina magnesiamu chini kidogo ya asilimia 10 ya uzito wake, kwa hiyo unamwaga kama gramu 304. Kipimo kinasoma 1290, unafurahi. Wiki inayofuata mwenzako anakuja na refraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi kwa mwanga unaopita kwenye tone la maji, anakwambia chumvi yako 31. Unaipandisha mpaka 35, na kila kilichomo kinapanda nayo. Magnesiamu inafika karibu 1460. Hapo ndipo konokono wako wanaporomoka kwenye kioo na kulala chali, nawe unauliza ugonjwa gani. Magnesiamu nyingi hulegeza misuli. Wanabiolojia hutumia kloridi ya magnesiamu kuwalegeza konokono wa baharini kabla ya kuwapasua. Sisemi kila konokono ataanguka kwenye 1460, wapo wanaotambaa bila shida, lakini kwa nini umjaribu?

Halafu njoo kwenye hiyo refraktomita, maana hapa ndipo hasira zangu zinapokaa. Usiirekebishe kwa maji matupu ukaridhika. Nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa ajili ya maji yaliyotiwa chumvi ya mezani, si maji ya bahari, kwa hiyo inaweza kusoma sifuri vizuri kabisa na ikadanganya kwenye 35. Irekebishe kwa maji ya kulinganishia ya 35. Kama huna, tengeneza: gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani ndani ya gramu 963.5 za maji yaliyochujwa, na mizani ya jikoni inayosoma nukta. Pima, koroga mpaka iyayuke yote, acha ipoe kama chumba, tia tone, zungusha skrubu isome 35. Ile haidromita, kipimo kingine cha chumvi, ya mkono wa plastiki unaopanda na kushuka, viputo vikiganda kwenye mkono inasoma juu, na sina zaidi ya kusema juu yake.

Upungufu wa kweli upo, sikatai. Unauona kwenye tangi lisilobadilishwa maji muda mrefu, mwenyewe anatia kalsiamu na alkaliniti tu, mwani wa waridi umetanda kila jiwe na unakula magnesiamu kuliko matumbawe yenyewe. Chumvi imepimwa ni 35 kweli, na magnesiamu ni 1100. Dalili yake ni kwamba alkaliniti haishiki: unatia, inashuka, na pampu inafanya magaga meupe. Magnesiamu hujipachika juu ya vipande vya chokaa vinavyoanza kuganda, ikavizuia visikue. Ikipungua, chokaa inaganda ovyo, kwenye pampu badala ya kwenye mifupa ya matumbawe.

Basi hapo tia, lakini pole pole. Usizidishe 100 kwa siku. Mimi huishia 50. Pima upya kabla ya kila dozi, na uangalie kiputo kwenye bomba la sindano la kipimo, maana kiputo kimoja kinaweza kukuletea upungufu usiokuwepo. Yayusha kwenye maji yaliyochujwa, mimina panapopita mkondo wa pampu. Na usitumie haluli peke yake kila mara. Gramu 304 zile zinaongeza salfeti karibu 600 kwa lita, na bahari nzima ina kama 2700. Changanya kloridi ya magnesiamu sehemu 8 kwa haluli sehemu 1, uwiano wa baharini unabaki karibu na ulipokuwa. Kloridi safi ndiyo shida kuipata hapa, najua. Haluli ya dawa kwa marekebisho ya mara moja haitaua tangi. Ile ya kuogea yenye manukato na ile ya mbolea, hapana.

Wapo walionishauri maji yanayobaki kwenye mashamba ya chumvi Pemba baada ya chumvi kuganda. Wazo zuri kuliko wengi wanavyodhani, yamejaa magnesiamu kweli kweli. Ila yana bromidi na potasiamu pia, na kiasi chake kinategemea jua limeyakausha mpaka wapi. Ndoo ya leo si ndoo ya mwezi ujao. Tangini mwa mteja siyatii.

Na hiyo 1400 mnayoambiana kila siku kuwa ndiyo shabaha? Matumbawe ya kisiwa cha Chumbe yanakua kwenye maji ya bahari ya kawaida, na hakuna aliyenionyesha kwamba 1400 inayakuza kuliko 1290. Wengine husema ikipanda sana inaua mwani sugu. Imewafaa baadhi kwa bidhaa fulani na haikuwafaa wengine kwa nyingine, kwa hiyo nashuku kilichoua ni uchafu uliomo kwenye chupa, si magnesiamu. Mimi nikikuta tangi liko kati ya 1250 na 1350, chumvi 35, naandika tarehe kwenye daftari na kwenda kusafisha kichujio.