Kwa nini tangi la pikipiki ya zamani huoza kwa ndani ilhali halijanyeshewa?

Chukua Suzuki A100 au Yamaha DT iliyolala tangu masika kwenye ua wa nyumba ya Ngamiani, Tanga. Fungua mfuniko wa tangi, mulika ndani kwa tochi (kamwe si kwa kiberiti). Mara nyingi utakuta dari ya tangi imekuwa nyekundu kama tofali la kuchoma. Pikipiki ilikuwa chini ya bati, imefunikwa turubai, haikuguswa na tone la mvua. Kutu imetoka wapi?

Majibu yanayosikika sana Tanga ni mawili: chumvi ya bahari, au petroli iliyokaa hadi ikageuka maji. Ushauri unaofuata hapo ni kumwaga mafuta yote na kuliacha tangi tupu. Ushauri huo ndio unaoliua tangi.

Petroli haigeuki maji hata ikae miaka. Ikikaa, hupoteza zile sehemu zake nyepesi zinazowaka upesi, ikabaki nzito, na mwisho huacha gundi kwenye jeti za kabureta, vile vitundu vyembamba vya kupitishia mafuta. Hilo ni tatizo la kweli, lakini ni la kabureta. Kwa bati la tangi, petroli ni blanketi. Kutu inataka maji na oksijeni kwa pamoja, na chuma kilichozama kwenye petroli safi hayo maji hakiyapati. Ukimwaga mafuta yote, blanketi umelivua.

Chumvi nayo ina hatia, ila nyingi ni ya nje. Spoku, rimu, ekzosi na vichwa vya bolti vya pikipiki inayolala Raskazone, kando ya bahari, huliwa na chumvi kwelikweli, maana chumvi ya bahari hunyonya unyevu hewani na kukiacha chuma na majimaji hata siku ya jua. Ndani ya tangi, njia ya kuingilia ni tundu la hewa la mfuniko, dogo kama la sindano. Chumvi kidogo huenda ikapenya kwa nyumba zilizo ufukweni kabisa, lakini kutu ya ndani haiingojei. Chuma huanza kushika kutu unyevu wa hewa ukipita takribani asilimia 60, na hewa ya pwani hukaa juu ya kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka.

Unyevu huo huingia kwa sababu tangi hupumua. Funga chupa tupu ya plastiki ikiwa juani, kisha iweke kwenye friji: itabonyea. Hewa iliyo ndani imepoa na kusinyaa. Tangi la bati haliwezi kubonyea, kwa hiyo huvuta hewa kupitia lile tundu. Mchana bati hupata moto, hewa hutanuka na kutoka. Usiku hupoa, likavuta hewa ya pwani na unyevu wake wote.

Kinachofuata unakijua ukiwa umewahi kushika glasi ya maji ya barafu. Glasi haivuji, ila inatoka jasho, kwa kuwa hewa iliyopoa haiwezi kubeba maji mengi kama hewa yenye joto. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu ina takribani gramu 30 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Ikishuka hadi nyuzi 23 hubaki na takribani gramu 20. Kwa tangi tupu la lita 10, tofauti hiyo ni gramu 0.1, yaani matone mawili. Ni kidogo mno, na si kila usiku hewa hushiba hivyo.

Ajabu iko kwenye tangi lenye petroli kidogo. Kwenye tangi tupu, sehemu ya jasho hilo hukauka tena asubuhi. Lakini lita moja ya petroli ina uzito wa kama gramu 740, na ya maji gramu 1,000. Tone likiteleza ukutani huzama chini ya petroli, na likishafunikwa haliwezi kukauka. Kesho linaongezeka lingine. Dari hushika kutu kwa unyevu, sakafu hushika kutu kwa dimbwi. Mrija wa koki, kifungulio cha petroli chini ya tangi, umesimama juu kidogo ya sakafu, kwa hiyo dimbwi hulijui mpaka siku unageuza koki kwenda rizevu, yaani akiba ya chini: maji na kutu hushuka kwenye kabureta, pikipiki ikakohoa na kuzima. Bodaboda hutembea na lita mbili tu lakini husalimika zaidi, kwa sababu mtikisiko wa kutwa huosha kuta kwa petroli na maji hutoka kidogokidogo.

Pikipiki itakayolala hadi miezi mitatu, ijaze petroli safi, ukiacha sentimita 2 au 3 chini ya mdomo. Lita 10 zikipanda joto kwa nyuzi 20 hutanuka kwa karibu mililita 200. Funga koki, legeza skrubu ya chini ya kabureta, mwaga petroli iliyo kwenye bakuli lake. Egesha penye hewa, mbali na jiko. Ikilala zaidi ya hapo, mwaga petroli yote, mimina mililita 150 za oili, uinamishe tangi pande zote. Tangi tupu lenye oili haliozi upesi.

Kutu ikishaingia, ng'oa koki, ziba tundu lake kwa kizibo cha mpira, osha tangi kwa maji na sabuni. Tumbukiza kipande cha mnyororo wa baiskeli kilichofungwa waya, utikise. Usitumie nati zilizo huru: moja ikisahaulika humo ni balaa. Jaza siki nyeupe, acha saa 24, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ya kupikia, gramu 100 kwa lita 10. Wengi huharibikiwa hapa: chuma kilichotoka kwenye siki kiko uchi, na kutu ya rangi ya chungwa hurudi ndani ya dakika chache. Mimina spiriti nusu lita mara moja, zungusha, itoe na maji iliyoyabeba, kausha mbali na moto, kisha paka oili.

Mwisho tia petroli, liweke tangi nje juu ya gazeti kavu, ukague mshono wa chini. Doa likitokea, kutu ndiyo iliyokuwa imeziba tundu. Usikubali lichomelewe likiwa hivyo: mvuke wa petroli uliojificha kwenye mshono hulipuka hata tangi likionekana kavu.