Ebenezeri maana yake nini, na kukumbuka kunaitiaje imani nguvu?

Ebenezeri ni maneno mawili ya Kiebrania: eben, jiwe, na ezer, msaada. Wafilisti, adui wa Israeli, walipokwisha kutimuliwa, nabii Samweli alisimamisha jiwe kati ya Mispa na Sheni akalipa jina hilo, akisema, "Hata sasa Bwana ametusaidia" (1 Samweli 7:12). Siku hizi wengi huisoma hiyo "hata sasa" kama "sasa hivi pia". Sivyo. Hii ni "hata" ya Kiswahili cha zamani, ile ya "tangu asubuhi hata jioni": mpaka. Mpaka hapa tulipofika ametusaidia. Ya mbele jiwe halikuyataja.

Na jina hilo lilikwisha kuingia doa. Katika sura ya 4 Waisraeli wanapiga kambi Ebenezeri, wanachukua sanduku la agano kwenda nalo vitani kama hirizi, wanapigwa, wanakufa askari 30,000 wa miguu na sanduku linatekwa. Ushindi wa sura ya 7 unapokuja, miaka 20 na zaidi baadaye, jina ni lilelile. Kukumbuka uaminifu wa Mungu, basi, si kuruka kurasa za msiba. Mkunazini, Unguja, pana mfano wake: soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Madhabahu, kwa masimulizi ya pale, imekaa pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa.

Nyumbani, kwa kuweka kumbukumbu ya namna hiyo, daftari la shule linatosha. Kila jambo lipe mistari minne: tarehe, haja, ulichoomba, kilichotokea. "Mungu ni mwema" peke yake haitakwambia kitu mwakani. Andika hivi: "Karafuu zimenyeshewa juu ya majamvi siku ya pili ya kuanika, nusu zimevunda. Ada ya mtoto haipo. Shemeji kalipa nusu, iliyobaki shule imekubali kungoja." Jambo lisilojibiwa, mstari wa nne uache wazi. Usiujaze kwa kubahatisha ili ushuhuda upendeze kanisani. Siku ya dhiki wewe mwenyewe hutauamini.

Dhiki ikija, tafuta mambo mawili matatu yanayofanana nayo, uyasome kwa sauti. Usingoje moyo utulie kwanza. Mwenye Zaburi ya 77 analalamika mistari tisa mizima, mpaka anauliza kama Mungu amesahau fadhili zake, ndipo anaamua: nitayakumbuka matendo ya Bwana. Kaamua, hakujisikia.

Panapoharibika ni hapa. Kuna kumbukumbu ya kuchagua: jangwani watu walikumbuka samaki, matango na vitunguu saumu vya Misri (Hesabu 11:5), utumwa wakausahau. Kuna kuigeuza fadhila kuwa deni: mwaka jana alinipa, mwaka huu lazima. Mpemba hahitaji kuambiwa, mkarafuu uliozaa sana mwaka huu mwakani huenda usizae kitu. Daudi alipotaja simba na dubu mbele ya Sauli alisema Goliathi naye atakuwa kama mmoja wao, lakini hakudai deni: alimtegemea Bwana aliyemwokoa (1 Samweli 17:36-37). La tatu ni kukipenda chombo chenyewe. Nyoka ya shaba ya Musa ilihifadhiwa miaka mamia, mwisho ikafukiziwa uvumba, mpaka mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4).