Nani anataka kuitwa mtumwa?

Jumatano iliyopita, kwenye kipindi chetu cha Biblia hapa Mwanga, Kigoma, mama mmoja mwenye mitumbwi miwili ya dagaa pale Kibirizi alinibana. "Mwalimu, Marko 10 inasema anayetaka kuwa wa kwanza awe mtumwa wa wote. Halafu Mathayo 28 Yesu anasema amepewa mamlaka yote mbinguni na duniani. Mimi nishike lipi? Nikijishusha kwa wale vijana wangu, mafuta ya injini yataishia mtaani."

Marko ametumia maneno mawili ya Kigiriki. La kwanza ni diakonos, mtu anayehudumia mezani. La pili doulos, mtumwa anayemilikiwa na bwana wake. Biblia yetu ya Kiswahili, tafsiri ya Union, imeyatenga vizuri: "mtumishi", kisha "mtumwa". Shida ni masikio yetu. "Mtumishi" siku hizi ni cheo. Ndiye anayewekewa kiti cha peke yake mbele, na soda yake hufunguliwa kwanza. Doulos hajapata bahati hiyo. Sijaona bango la mkutano wa injili lililoandikwa "Mtumwa" juu ya jina la mhubiri. Na sisi majirani wa Ujiji, kulikopita misafara ya pembe na watu kuelekea Tabora hadi Bagamoyo, tunajua neno hilo lilimaanisha nini. Wasomaji wa kwanza wa Marko nao walijua, maana watumwa waliishi nao.

Wengi huumaliza mgongano huu kwa kugawa nyakati: unyenyekevu kabla ya msalaba, mamlaka baada ya kufufuka. Wafilipi 2 ina mwendo huo kweli, anajishusha kisha Mungu anamwadhimisha. Lakini maelezo hayo yanakwama Yohana 13. Aya ya 3 inasema Yesu, "hali akijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake". Aya ya 4 anaondoka chakulani, anaweka kando mavazi, anajifunga kitambaa kiunoni. Msalaba bado, na vyote tayari viko mikononi. Mikono hiyohiyo ndiyo inayosugua tope kwenye nyayo za Petro, na za Yuda pia. Kisarufi, lile "akijua" la Kigiriki laweza kusomwa "ingawa alijua", na wapo wanaolisoma hivyo. Mimi nasoma "kwa kuwa alijua". Mwenye wasiwasi na cheo chake hainami. Anaogopa asije akaonekana mdogo.

Paulo ananipa kazi zaidi. Katika 1 Wakorintho 2 anasema alifika kwao katika udhaifu, hofu na matetemeko. Sura mbili mbele anawauliza kama wanataka aje na fimbo. Barua ileile! Fimbo anayo, wala haifichi. Ila 2 Wakorintho 13:10 anaiwekea mpaka: uwezo aliopewa na Bwana ni wa kujenga, si wa kubomoa. Kwa hiyo kuna kukemea kunakoruhusiwa kabisa, hata kwa kijana anayeuza mafuta ya tajiri wake usiku.

Nilimwambia mama asiache kuwa mwenye mitumbwi. Siku dagaa wanapokosekana, awe wa mwisho kuchukua fungu lake, vijana wakishapata lao.

Alinyamaza kidogo, akafunga Biblia yake.

"Hilo la fungu nitajaribu, Mwalimu. Lakini mafuta nitapima mwenyewe."